Wiki Yangu na Bunduki ya Kijiji

Jumatatu, 2 Juni 1975

Nimeshinda! Kura kumi na moja kwa tisa! Kuanzia leo mimi, Andwele Mbonile, karani wa duka la Kijiji cha Ujamaa Tupendane, ndiye mshika bunduki wa kijiji. Naandika haraka kwa furaha, ndiyo maana mwandiko ni mbaya.

Bunduki imeletwa leo kutoka Chala. Ilikuwa ya bwana nyama mmoja, yaani ofisa wa wanyamapori, aliyestaafu. Imechakaa kitako, lakini mtutu unang'aa. Kibali cha polisi kipo, kina mihuri miwili. Kazi yake ni kulinda shamba la kijiji. Mahindi yamekauka, yanangoja kuvunwa, na nguruwe pori wameshakula robo nzima.

Wengine walimtaka Flavian. Eti kwa sababu anawinda tangu utotoni kwa nyavu na mbwa. Nilisimama nikahutubia karibu saa nzima. Nikasema nyavu ni mambo ya zamani. Nikakumbusha kwamba nilipita jeshini, JKT. (Sikusema kwamba nilikuwa jikoni, upande wa maharage. Hakuna aliyeuliza.) Flavian aliuliza swali moja tu: nimewahi kupiga risasi ngapi? Nikamjibu kwamba maswali ya aina hiyo yanarudisha nyuma maendeleo. Makofi!

Mwenyekiti, Ndugu Rafaeli, ameweka sharti. Ni wiki moja ya majaribio. Nikishindwa, bunduki inakwenda kwa Flavian.

Mke wangu Tusajigwe hakufurahi. Amesema bunduki itakaa ndani, risasi zitakaa kwenye chungu chake cha ulezi, na viwili hivyo havitalala pamoja. Wanawake wana woga.

Jumanne, 3 Juni

Nguruwe amenicheka. Sisemi kwa mfano. Amesimama, amenitazama, amecheka.

Nilifika shambani alfajiri. Baridi ya kukata masikio, ukungu umelala juu ya mahindi. Huyo hapo, dume, hatua thelathini! Nikalenga vizuri kabisa. Nikavuta kifyatuo. Hakikusogea. Nikavuta kwa vidole viwili. Wapi! Nikaweka kitako katikati ya magoti nikavuta kwa mikono yote miwili kama mtu anayekamua ng'ombe. Hapo ndipo nguruwe alipofanya ile sauti, akaondoka zake polepole.

Akaenda moja kwa moja kwenye nyavu za Flavian.

Mchana kijiji kizima kimekula nyama. Mimi pia nimekula, kwa masikitiko. Flavian alikuja akaishika bunduki, akajaribu kifyatuo, akasema kimekaza, huenda ni baridi na grisi ya zamani. Akashauri ipelekwe Sumbawanga, polisi kuna ghala la silaha na mtu anayezijua. Nimemshukuru kwa adabu. Anadhani sioni! Siku mbili za kwenda Sumbawanga kwa miguu, siku mbili za kurudi, na wiki yangu imekwisha.

Nitaitengeneza mwenyewe. Chuma ni chuma.

Jumatano, 4 Juni

Siku kubwa katika maisha yangu! Nimegundua kipaji!

Nilifunga duka nusu, yaani nilikaa ndani na mlango nikauacha wazi kidogo, watu wa chumvi wakangoja nje. Nikafungua bunduki juu ya kaunta. Uchafu uliokuwemo humo! Grisi imeganda kama nta ya mshumaa. Mchanga. Mende mmoja mkavu, nadhani wa tangu wakati wa mkoloni. Nikasafisha vyote kwa mafuta ya taa na kitambaa.

Nikajaribu kifyatuo bila risasi. Kinavutika! Si kigumu, si chepesi, cha kawaida tu.

Lakini kwa nini niridhike na cha kawaida? Nataka kiwe laini kama siagi. Nguruwe hawangoji.

Ndani kuna kijino kidogo cha chuma. Kazi yake ni kuishikilia pini inayopiga risasi mpaka uvute. Nikaona kijino hiki ndicho kinachochelewesha mambo. Nikakipiga tupa. Kidogo. Halafu kidogo tena. Halafu mama Luciana, mkulima wa jirani, akapiga kelele mlangoni kwamba chumvi anaitaka leo, si mwakani, nikashtuka, na springi moja ikaruka ikatumbukia kwenye gunia la chumvi.

Nimelipekua gunia lile mpaka kiwiko. Haipo. Nimemuuzia mama Luciana chumvi yake na sasa sina uhakika.

Hata hivyo fundi hakosi njia. Ndani ya kalamu yangu ya ofisi mlikuwa na springi nzuri tu, nyembamba kidogo. Imeingia!

Sasa kifyatuo unakigusa kwa wazo tu. Kalamu haifanyi kazi tena, naandika haya kwa penseli.

Jumamosi... hapana, leo ni Alhamisi, 5 Juni

Nimechanganyikiwa kidogo, masikio bado yanalia.

Bunduki imepiga yenyewe! Nilikwenda nyuma ya kilima, mtutu nimeuelekeza kwenye kichuguu, nikaweka risasi, nikafunga komeo, kile chuma cha kuifungia risasi ndani. Kidole kilikuwa mbali! PAA! Kichuguu kikapoteza kichwa. Mimi nikapoteza kofia.

Wanakijiji walikuja mbio. Nikawaambia nilikuwa natisha nyani. Wakanishukuru. Sijui kwa nini nilisema hivyo, lakini lilitoka vizuri.

Baadaye nimefanya uchunguzi wa kisayansi, bila risasi. Nimegonga kitako chini mara saba. Mara tano pini imeruka yenyewe: kaa! Nimefunga komeo kwa nguvu mara kumi. Mara nane: kaa! Nimefunga taratibu, kama unavyomlaza mtoto. Mara tatu tu. Kile kijichuma cha usalama, ukikisukuma mbele au nyuma, mambo ni yale yale.

Sababu zinazowezekana ni hizi. Labda risasi ni za zamani, ila sasa hazimo, kwa hiyo hapana. Labda ni baridi, ila nimejaribu karibu na jiko, vilevile. Labda Flavian ametia mkono wake. Hili linaelekea. Kuhusu kijino na springi, hivyo nilivitengeneza mimi mwenyewe, kwa hiyo haviwezi kuwa.

Tusajigwe alisimama mlangoni muda wote. Akasema, "Baba Suma, irudishe. Kitu kinachopiga bila kuambiwa si chombo cha kukaa na watu." Nikamwambia tatizo limeshapata dawa. Nimekifunga kifyatuo kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, mizunguko mitatu. Kuvutika hakiwezi tena!

Kesho ni msako mkubwa. Flavian na watu wake watawatoa nguruwe mtoni, mimi nitasimama juu na kuwamaliza. Nimeshachagua mahali pa kusimama watu wote wanione.

Ijumaa, 6 Juni

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi ilikuwa nzuri mno. Watu ishirini, mbwa tisa, pembe zinapulizwa. Kabla hatujaanza, Flavian alinijia pembeni, peke yake. Akaniuliza polepole, ili wengine wasisikie, kama bunduki ni salama. Aliniuliza kama ndugu. Nikamwambia ni salama kabisa, labda yeye ndiye mwenye hofu. Akaitikia tu kwa kichwa, akaenda na nyavu zake.

Nguruwe wakatoka! Sita! Nikasahau kila kitu, nikakimbia, nikaruka mfereji. Kitako kikagonga jiwe.

PAA.

Flavian alikuwa mbele yangu, upande wa kushoto, akifunga kamba ya wavu. Alikuwa amevaa lile koti lake kubwa la jeshi. Akasimama wima. Akainua mkono wa kushoto akautazama. Kwenye mkono wa koti, chini kidogo ya kwapa, palikuwa na tundu, na upande wa pili tundu jingine, na mwanga ukipita katikati.

Hakuguswa. Nguo tu.

Flavian akaketi chini kwenye majani yenye umande. Nikamwendea. Nikatambaa. Ndiyo, naandika ukweli, nilitambaa.

Akaniambia, bila kufoka, "Mbonile, mimi nina watoto sita."

Laiti angenipiga. Akanyoosha mkono, akachukua bunduki, akatoa risasi zote na kuzitia mfukoni, akaiacha komeo wazi. Akausokota ule mpira wa baiskeli kidoleni, akautazama, akanirudishia.

Leo sikula. Tusajigwe akaniwekea blanketi begani. Nilimwambia kila kitu, hata jambo la kalamu. Akasema kesho ni lazima nikaseme hivyohivyo mbele ya watu.

Nitasema. Naapa nitasema.

Jumamosi, 7 Juni

Mwenyekiti ametutuma Sumbawanga, mimi na Flavian, pamoja na bunduki. Tumepata lori la mahindi, tumekaa juu ya magunia. Vumbi na upepo. Flavian alinipa nusu ya kiazi chake. Heri asingenipa.

Ghala la silaha liko chini ya Koplo Silvana. Mwanamke mfupi, miwani, mikono ya fundi. Hakusalimia hata, alihakikisha kwanza kwamba bunduki haina risasi, akaelekeza mtutu kwenye pipa la mchanga, akagonga kitako sakafuni kwa upole. Kaa! Akagonga tena. Kaa! Akanitazama juu ya miwani.

Akaifungua haraka kama mtu anayemenya ndizi. Akaweka kile kijino mezani.

"Nani amepiga tupa hapa?"

Niliapa jana. Nakumbuka vizuri kwamba niliapa. Mdomo ukajibu wenyewe kwamba labda ni mwenyewe wa zamani, bwana nyama.

Koplo akachukua kibano, akatoa springi, akaiinua kwenye mwanga.

"Na huyu bwana nyama," akasema, "alikuwa karani?"

Penseli ilikuwa sikioni mwangu. Flavian akageukia dirishani, mabega yanacheka. Basi nikasema yote. Mende, chumvi, kaunta, kichuguu, koti. Koplo aliandika ukurasa mzima, nami nikatia saini. Akasema kasoro ya kwanza ilikuwa grisi tu. Ningeisafisha nikaishia hapo, bunduki ingekuwa nzima. Hiyo sehemu ya kijino haichongwi, ikilika inabadilishwa, na wa kuibadilisha ni fundi mwenye kibali. Akasema pia kwamba bunduki ikipiga yenyewe hata mara moja, haitiwi risasi tena mpaka itazamwe. Alilisema hilo mara mbili, kwa sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza.

Bunduki imebaki Sumbawanga. Tumerudi usiku kwa lori lilelile, na risiti mkononi.

Jumapili, 8 Juni

Baada ya misa, halmashauri ilikaa. (Mimi ni Mmoraviani, misa niliingojea nje.) Kura ishirini kwa sifuri. Mimi mwenyewe nilipiga ya ishirini. Ulinzi wa shamba umepewa Flavian, nyavu na mbwa. Mimi nitakuwa msaidizi wake, wa kugonga debe tupu nguruwe wakikaribia. Flavian ndiye aliyeniombea hata hiyo nafasi.

Tusajigwe ameshona yale matundu mawili ya koti. Amenifanya nilishike koti muda wote anaposhona. Nimelipeleka mwenyewe. Nikamwambia, "Flavian, nisamehe. Ningekuua, halafu ningesema ni baridi." Akalivaa, akaunyoosha mkono, akanikaribisha pombe ya ulezi. Mkewe, Kristiana, hakunikaribisha. Ana haki.

Nimejifunza! Kuanzia leo sigusi kitu nisichokijua. Nitaliandika hili kwa herufi kubwa nikipata kalamu.

Jumatatu, 9 Juni

Asubuhi njema kabisa! Bwana shamba, Ndugu Philipo, amekuja na pikipiki ya idara, mpya, nyekundu! Ameiacha kivulini mbele ya duka akaenda kula kwa mwenyekiti. Kabla hajaenda amelalamika kidogo. Breki zinashika ghafla mno, zinamrusha. Akasema akirudi mjini ataipeleka kwa fundi.

Maskini! Mjini kwenyewe atarudi wiki ijayo. Kesho asubuhi anateremka bondeni Rukwa kupitia mteremko wa Lyamba lya Mfipa, kona baada ya kona, ukingo huu hapa, bonde lile kule chini kabisa.

Nimeinama nikatazama. Bunduki ni kitu kingine, hii ni waya na nati tu. Nimelegeza ya mbele. Nimelegeza na ya nyuma. Nati moja imebaki, haionekani kuwa na kazi. Sasa mkono wa breki ni laini kama siagi.

Sitamwambia kitu. Nataka agundue mwenyewe akishaanza mteremko.