Benchi la Mwandishi

Jumatatu, 3 Machi
Daktari amesema moyo wangu umechoka, nisibebe hata ndoo. Hakutaja siri. Basi niiandike hapa. Kile kitabu cha kuwaongoza wageni katika ile nchi ndogo ya jirani, kilichonipa mialiko na viti vya mbele miaka thelathini na minane, kilitembewa na miguu ya mdogo wangu. Yeye alizunguka na daftari kwenye joto na mvua. Mimi nilikaa kwenye kiti chenye mto nikapiga taipu. Jaladani nikaweka jina langu peke yake. Yeye akahamia hukohuko, hakuniandikia tena. Nataka anisamehe nikiwa bado napumua.

Tatizo ni binti yangu. Hataki nisafiri. Nimemwambia nakwenda kupumzika siku chache kwa mwalimu mwenzangu mstaafu. Akauliza yupi. Nikamtaja tuliyemzika mwaka juzi. Ikabidi niseme nina maana ya mdogo wake.

Jumanne, 4 Machi
Kwenye ndege nimekaa na nesi mstaafu, naye anakwenda kutembea. Mfuko mmoja wa begani, kitabu hana. Nikamwuliza atazungukaje nchi asiyoijua. Akasema atauliza watu. Nilimhurumia.

Kushuka, nikatekeleza mpango: kujifanya siwezi kutembea kabisa, nisipange foleni. Nikaletewa kiti cha magurudumu. Msukumaji akaniegesha dirishani ili mzee apate hewa, akaenda kunywa chai. Foleni nzima ikanipita. Kuinuka siwezi, nilishasema siwezi. Nesi akanipungia mkono.

Afisa wa uhamiaji akauliza nitafikia wapi. Nikamtajia nyumba ya wageni iliyo nyuma ya posta, ukurasa wa kumi na mbili. Akasema, "Mzee wangu, pale wanaziba pancha tangu niko darasa la tatu."

Nimelala jengo la jirani. Harufu ya mpira usiku kucha.

Jumatano, 5 Machi
Mdogo wangu anaishi mji wa kusini, ng'ambo ya mto. Daraja ni jembamba, la waenda kwa miguu tu. Katika daftari aliandika: "Shuka darajani, vuka hatua mia mbili na kumi na nne, simamisha gari lolote upande wa pili." Niliona haina hadhi ya kitabu. Nikaandika, ukurasa wa arobaini na moja: "Shuka darajani. Basi la pili litakusubiri." Sentensi nzuri, ina mapigo.

Nilikaa kwenye benchi tangu saa nne asubuhi. Saa tano nesi akashuka kwenye basi lililofuata, akamwuliza mama muuza vocha, akavuka. Dakika tano hazikufika. Mimi nikaendelea kungoja. Nilijua basi halipo, ila kuinuka mbele ya watu na kitabu mkononi kulikuwa sawa na kukiri. Saa nane mvua ikanikuta palepale.

Mama muuza vocha akakiona kitabu, akamwita jirani yake: "Njoo umwone, wa kwanza mwaka huu amefika." Akanieleza kwamba hapa panaitwa benchi la mwandishi. Kila mwaka huketi wageni wawili watatu, wakingoja basi ambalo hata babu yake hakuliona. Akasema huyo mwandishi akipita hapa atakalishwa mpaka aote mizizi. Nikamwunga mkono. Nikaongeza kwamba namfahamu kidogo, ana majivuno. Akageuza kitabu, akatazama picha ya nyuma, akanitazama. Hakunitambua. Nilishukuru, kisha ikaniuma.

Akapiga simu, akaniambia nivuke, kuna dereva huja kuwachukua watu kama mimi. Kazi yake ya miaka mingi. Hapa wanamwita Basi la Pili.

Nikavuka nimeshika chuma cha pembeni. Moyo ukagonga, nikasimama. Nilizifuta zile hatua nikiona ni utoto kuzihesabu. Katikati ya mto, nikitweta, ningetoa chochote kujua zimebaki ngapi.

Ng'ambo kulikuwa na gari kuukuu la mizigo. Dereva akashuka, mzee mwembamba, akanyoosha mkono kupokea mkoba wangu. Mkono ukabaki hewani. Akasema, "Kaka."

Basi.

Alhamisi, 6 Machi
Nimelala kwake. Shemeji amenikaribisha bila swali hata moja, ambayo ni adhabu tosha. Hotuba yangu ya msamaha ilikuwa na kurasa nne, ila miwani nimeisahau kwenye benchi. Nikasema kavu tu: nilikuibia, nisamehe, sina muda mrefu.

Alikuwa anafungua gurudumu. Akasema, "Wizi wa miguu yangu nilishakusamehe, kaka. Nilimtukana mwandishi miaka miwili, nikachoka. Lakini lile basi uliwaza nini?"

Akasema mgeni wa kwanza kumwona pale alikuwa mama mjamzito, ameloa, anang'ang'ania kwamba kitabu hakiwezi kusema uongo. Tangu siku hiyo mdogo wangu akawa anakwenda kuwachukua.

Nililia. Shemeji akaniletea taulo.

Ijumaa, 7 Machi
Mdogo wangu ametoa madaftari kumi na moja. Kila barabara iliyohamishwa, kila nyumba ya wageni iliyokufa. Alikuwa anakisahihisha kitabu changu muda wote huu. Amesema nichukue, nitoe chapa mpya, sharti moja tu: majina mawili jaladani. Nimeapa kwa mkono kifuani, hapohapo penye ubovu. Amenikumbatia kwa tahadhari, kama mtu anayebeba mayai.

Jumamosi, 8 Machi
Uwanja wa ndege. Miwani nimeikuta kwa mama muuza vocha. Nimeomba kiti cha magurudumu. Msukumaji ameniegesha, ameondoka. Nesi amenipita tena.

Nimetumia nafasi hii kuchora jalada. Majina mawili yanabanana, jicho la msomaji halijui litue wapi. Suala la mpangilio tu. Mdogo wangu nimemweka kwenye shukrani, kwa herufi za mlazo, zinapendeza sana. Yeye si mtu wa makuu, ataelewa.

Ukurasa wa arobaini na moja nimeurekebisha kwa uaminifu. Zile hatua nimeziacha nje, zinavunja mapigo. Sasa unasomeka hivi: "Shuka darajani. Ndugu wa mwandishi atakusubiri."

Sentensi nzuri.