Shati la Mwani

Jumanne, 14 Mei 2013
Digrii arobaini na moja getini. Mimi Kiprono naungua, askari mwenzangu Wanjohi yuko lobi anapulizwa na kiyoyozi. Mudir, meneja wetu Mwarabu, ametangaza: Jumapili atakagua sare za askari wote wa hoteli. Atakayenyooka zaidi atakaa lobi mpaka Septemba. Wanjohi ana pasi ya mvuke. Mimi nina akili.

Mchana nililinda mlango wa mkutano. Profesa mmoja akaeleza historia ya mwani viwandani. Zamani Ulaya waliuchoma, majivu yakatengeneza sabuni na vioo. Baadaye wakatoa humo dawa ya vidonda. Halafu wakagundua ute wake: unachemshwa na soda, unagandisha aiskrimu, na viwanda vya nguo viliutumia kukazia nyuzi. Kukazia! Nimeandika kiganjani.

Ijumaa, 17 Mei
Ofu, siku yangu ya mapumziko. Nimeenda ufuoni Al Wakrah na gunia. Kwetu Bomet hakuna bahari, kwa hiyo nimeokota chochote cha kahawia. Mvuvi mmoja aliniuliza kama nafuga mbuzi. Nikamjibu ni siri ya viwanda.

Jumamosi, 18 Mei
Nimechemsha kwenye sufuria ya Fabian, mwenzangu wa chumba hapa kempu ya wafanyakazi, Industrial Area, nikatia magadi yake ya maharagwe. Ute huo! Mzito kama mboga ya mrenda. Fabian akauliza mbona kempu nzima inanuka. Nikamwambia asizuie maendeleo. Nimechovya shati, nimekausha, nimepiga pasi. Limesimama lenyewe kitandani. Wanjohi, kwisha wewe!

Jumapili, 19 Mei
Saa mbili: nimenyooka. Hata Wanjohi aliniangalia mara mbili. Saa nne: jasho, shati likaanza kunata. Saa tano: paka wa kwanza. Mudir aliposhuka saa sita walikuwa saba, mmoja amelalia kiatu changu. Akaziba pua, akauliza nauza samaki wa bei gani.

Lobi ni ya Wanjohi. Alicheka mpaka kofia ikaanguka. Imeniuma sana, sitaficha. Mimi nimepelekwa mlango wa nyuma, yanakoingilia magari ya samaki. Hakuna hata kivuli.

Jumatatu, 20 Mei
Nimelifua shati mara nne. Paka bado wananifuata.

Nimetafakari kosa langu, nimelipata. Nilirukia ute, kumbe historia ilianza na majivu! Dawa ya moto ni moto: harufu ya mwani itatolewa na sabuni ya mwani. Gunia nusu limebaki. Fabian ameficha sufuria, lakini koridoni kuna ndoo nyekundu ya zimamoto. Nikimwaga mchanga wake, itafaa kabisa kuchomea mwani.