Asali, Magadi na Mikono ya Veronika

Leo nimejiumbua, tena kwa mikono yangu mwenyewe.

Mnamjua Petro, mwenzangu wa kuchanganya dawa pale zahanati. Mwezi uliopita alimtengenezea Veronika wa Ipuli krimu ya mikono: nta, mafuta, maji, na boraksi, ule unga mweupe unaoshikanisha nta na maji. Basi. Mikono ikaacha kupasuka. Tangu hapo Veronika ni "Petro kasema", "Petro kaniambia". (Mimi ndiye niliyemwona kwanza. Kanisani. Petro alikuwa amesinzia.)

Juzi nikasikia mama yake kamwalika Petro chakula leo baada ya misa. Ugali wa mama mwenye binti si ugali tu. Usingizi ukaniisha.

Asubuhi nikachukua krimu ileile ya Petro, nikatia asali. Mnyamwezi gani anaitilia shaka asali? Kisha magadi. Yanalainisha maharage, yatashindwa na mikono? Vikatoka vipovu. Nikasema ndiyo nguvu hiyo. Nikaitia kwenye chupa, nikakaza kizibo, chupa mfukoni, nikapanda baiskeli. Jua kali. (Misa nimeikosa. Mungu anajua sababu.)

Nikamkuta Petro keshakaa, kaptura imepigwa pasi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kwani na wewe nilikualika?"

"Nimemletea Veronika krimu. Hii inaipita ya Petro."

Petro akaiangalia chupa. "Umetia nini humo?"

"Asali. Na magadi."

"Kwenye boraksi? Usiitikise hiyo. Boraksi na asali vikikutana vinakuwa vichachu. Magadi yakikuta uchachu yanatoa hewa."

"Wivu tu huo, bwana." Nikaitikisa, waone ilivyo nzito.

Pu! Kizibo kikagonga bati. Krimu ikanijaa usoni, puani, nyingine ikatua kwenye kanga mpya ya mama. Kisha Veronika akacheka mpaka akakaa chini.

"Petro, mwanangu, karibu mezani," mama akasema. "Na wewe kanawe, kabla nyuki hawajaifuata hiyo asali."

Veronika akanifuata nje na kitambaa, akanifuta nyusi polepole. Nikasema moyoni, Petro kwisha.

"Ukifue vizuri," akaniambia. "Ni cha Petro. Nimemtarizia mwenyewe."

Kiko kambani sasa, kinakauka. Kucheka chekeni, ila Petro asiwasikie.