Magurudumu ya Ndege ya Shamila

Jumanne, 19 Agosti
Leo heshima yangu imeonekana. Shamila, binti wa dada yangu Mwanakombo, ametumiwa ndege ya plastiki na kaka yake aliyeko Dar. Imekuja vipande vipande, kazi ni kuunganisha. Jumatatu anaipeleka kwenye maonyesho ya shule. Baba yake mdogo, Mudathiri fundi baiskeli, alishanyoosha mkono. Nikamzuia! Nikamuuliza, hapa Newala mwenye mtoto ni nani kama si mjomba? Akaurudisha mkono. Nikamweleza Shamila kwamba nimekaa na ndege za kweli uwanjani Nachingwea. Sikusema kwamba nilikuwa nafyeka majani. Hakuniuliza.

Jumatano, 20 Agosti
Mabawa yamekaa. Mkia umepinda kidogo, lakini umekaa. Taabu ni magurudumu. Vijiguu vyembamba kama njiti za kiberiti, kila kimoja na tundu lake! Karatasi inasema subiri gundi ikauke. Nisubiri, mimi? Nikaisimamisha. Ikapiga magoti kama mwanambuzi anayenyonya. Gundi nayo kwisha. Nusu yake niliijaribu kwanza kwenye kandambili yangu. Kandambili imeshika vizuri sana.

Alhamisi, 21 Agosti
Akili! Nimechemsha ulimbo, ule utomvu wa kutegea njiwa. Kinachomshika njiwa hai kitashindwa na plastiki? Magurudumu yameganda. Mudathiri kapita, kachungulia, kasema shemeji, ulimbo haukauki huo. Nikamwambia arudi kwenye spoku zake. Ndege nikaianika uani ipate upepo.

Ijumaa, 22 Agosti
Sitaki kuandika. Nimetoka msikitini, nakuta ndege ina manyoya. Kifaranga kanasa chini ya bawa, penye magurudumu, mama kuku anaidonoa kwa hasira. Kumvuta kifaranga, akaja na gurudumu. Kioo cha rubani kimejaa pumba. Shamila alikuwa kasimama mlangoni. Hakulia. Alisema tu kwamba alishawaambia wenzake mjomba wake ni fundi wa ndege. Bora angelia! Mwanakombo alisema mengi, akamalizia kwamba ndege iende kwa baba mdogo. Sikubisha.

Jumapili, 24 Agosti
Mudathiri kairudisha. Kaisafisha kwa mafuta ya taa, magurudumu yote wima. Inang'aa mezani kwa dada, inangoja kesho. Imeniuma, lakini nilikwenda kuomba samahani. Wallahi, nilikuwa nayo mdomoni. Shamila akanipa shikamoo bila kuinua macho. Marahaba, nikasema, nikavuta pumzi, na kilichotoka kikawa kingine kabisa: kwamba Nachingwea marubani hodari hawakuhitaji magurudumu, walitua kwa tumbo, juu ya mchanga. Akainua macho. Akauliza, na ndege zilikuwa haziumii, mjomba? Kaniita mjomba! Tangu juzi hajaniita. Nikamjibu haziumii hata chembe, na akitoka madrasa nitamwonyesha.

Sasa yuko madrasa. Dada yuko sokoni. Ndege ninayo. Magurudumu nimeyachomoa kwa uangalifu mkubwa. Mchanga nimeshamwaga uani, nikausawazisha kwa mkono. Naandika haya nikiwa juu ya paa la jiko. Nataka niijaribu mara moja tu kabla hajarudi.