Shungi Jeupe

Hadija na Salma, leo nimeiumbua nyumba nzima, nikianza na mimi mwenyewe. Barua hii isomeni wawili tu huko Bujumbura, isifike dukani kwa shangazi.

Mnalijua shungi langu jeupe la nywele, hili la juu ya paji la uso. Mnajua pia anavyosema bibi mzaa mama: usiku niliozaliwa, jini alipita akanilamba. Basi leo mwalimu wa biolojia kaingia na somo la urithi, akaniona kichwa (kichwa changu hunitangulia kila mahali), akafurahi.

"Shungi hili halijifichi," akasema. "Ukiwa nalo, baba yako analo au mama yako analo. Kwenu ni nani?"

Nikafikiri. Nywele za mama nazisuka mwenyewe, nyeusi tii. Za baba yangu, fundi cherehani, nazo nyeusi tii chini ya kofia.

"Hakuna," nikajibu.

Mwalimu akaanza kufuta ubao ambao haukuwa na kitu. Ndipo Kayitesi wa dawati la nyuma akauliza polepole, kirafiki, kwa Kiswahili chetu cha mtaani, wala hakuwa na ubaya: "Sasa sha, papa yako iko nani?"

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Siku nzima nilikuwa na swali hilo tumboni. Ama mimi ni wa jini, ama kuna mwanamume hapa Kigali anayetembea na shungi langu, na baba ananishonea sare bure miaka yote hii. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

Saa kumi narudi, wingu limeufunika mtaa wetu wa Rwezamenyo wote na umeme umekatika. Duka la baba limefungwa. Cherehani kimya. Naita, haitiki mtu. Mama yuko sokoni. Chumba cha ndani tu kina mshumaa, nyuma ya pazia. Nikashika pazia kwa mikono miwili, nikalisogeza kidogo.

Kwenye kioo kulikuwa na shungi langu. Upana ule ule, mahali pale pale, juu ya uso mweusi usio na sura, unaochuruzika. Mkono ukapanda taratibu, ukalishika. Na mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye pazia.

Nikajua amekuja kunichukua. (Msomi wa biolojia huyo.) Nikapiga yowe, "Jini!", nikajikuta barabarani.

Mtaani kwetu neno hilo husemwa mara moja tu. Muuza mkaa akaja na mchi. Mama Asha akaja na chetezo, ubani unafuka. Mzee Saidi alianza Ayatul Kursi kabla hajavaa viatu. Wakaingia nyuma ya mzee, mimi nyuma yao wote, na pazia likavutwa.

Baba yangu alikuwa amekaa kwenye kigoda, bakuli la piko, rangi nyeusi ya nywele, mapajani. Nusu ya shungi nyeusi, nusu nyeupe, na piko limemtiririka mpaka kidevuni.

"Fundi," Mzee Saidi akasema, "hii iko nini?"

"Iko nywele yangu," baba akasema.

Ikabidi aeleze, mbele ya wateja wake. Alianza kupaka piko alipoposa; tangu aoe, mama humnyoa humo chumbani, kisha yeye hupaka piko kabla ya Ijumaa. Alihofia bibi angemnyima binti yake, na nani ampe kitambaa mtu aliyelambwa na jini?

"Na mimi nilipozaliwa nalo?" nikauliza.

"Niliona haya, mwanangu. Bibi yako akasema jini, nikamwachia jini."

Watu walicheka mpaka Mzee Saidi akakaa chini. Muuza mkaa alitoka nje na mchi wake, tukamsikia huko anaanza upya. Baba alikuwa anatazama bakuli lake tu. Mimi nikamkumbatia nikalia, piko likaniingia kwenye sare, wakadhani nalia kwa aibu.

Kesho baba anakwenda msikitini na shungi lake nusu nusu, maana piko lililobaki lilimwagika katika vurugu. Mimi nakwenda darasani kumjibu Kayitesi. Haya, nichekeni mimi mtakavyo. Ila mkimcheka yeye, mjue mnamcheka baba yangu mzazi.