Talaka ya Mke Nisiyemuoa

Jumatatu, 4 Novemba

Leo nimeaibishwa! Mbele ya magunia, mbele ya wakulima, mbele ya Mwanaima!

Mwanaima ndiye bibi shamba wetu mpya, hana hata miezi miwili tangu ahamishiwe hapa Kitomanga. Kakulia Dar es Salaam. Anavaa buti za shambani na bado anapendeza. Nimeamua kumuoa. Yeye hajui bado, lakini mambo yalikuwa yanakwenda. Leo kaja ghalani kwetu kupima unyevu wa korosho, nami karani wa mizani nikamweleza kwamba mizani inataka mtu mtulivu, asiye na hasira. Akaitikia kwa kichwa. Nilibakiza kidogo tu nimkaribishe chai.

Ndipo akaingia Somoe. Binamu yangu, mtoto wa mjomba. Kwa hiyo mtani wangu, tangu tukiwa tunakwenda uchi. Kaingia na beseni kichwani, kakaa kwenye kiti changu, kasema kwa sauti ya mnadani: "Mume wangu, uji umeisha na watoto wanalia. Unarudi leo, au umepata kwingine?"

Bashiru, mtunza ghala, alicheka mpaka akaangusha gunia. Wakulima wakacheka. Na mimi nikacheka! Nifanye nini? Kumkasirikia mtani ni kosa. Faini yake jogoo, na unaitoa mbele ya ukoo mzima huku wanakuzomea. Nimecheka mpaka taya zikaniuma, na moyoni nilikuwa natamani kumpima Somoe kwenye mizani na kumpakia kwenye lori la Mtwara.

Mwanaima kaniambia hongera. Hakujua kama nina familia. Hongera! Mtu wa Dar atajuaje utani wa huku, binamu kuitana mume na mke?

Jumanne, 5 Novemba

Nimekwenda kwa mjomba kumshitaki mwanawe. Nimebeba fenesi kubwa kwenye baiskeli kwa ajili ya kulainisha maneno. Nimempa shikamoo, kaitikia marahaba huku macho yake yako kwenye fenesi. Nikamweleza kwamba mimi ni mtumishi wa chama cha ushirika, nina heshima zangu, na Somoe ananiharibia. Nikamwomba amkataze.

Mjomba kacheka mpaka kakohoa. Kaniuliza naleta mahari lini. Kasema utani si mali yake hata aufunge, na kwamba yeye mwenyewe alitaniwa na binamu zake hadi siku ya harusi yake, wakamfichia viatu. Wamekula fenesi lote palepale. Sikuonjeshwa hata kokwa.

Mama naye hana msaada. Kasema Somoe ndiye anayemchotea maji na kumpaka dawa ya magoti wakati mimi nachana ndevu kwenye kioo. Mama huyu kazaa nani, mimi au Somoe?

Lakini njiani akili imenijia. Ananiita mume? Vizuri. Mume ana haki zake. Mume anaweza kuacha! Nitampa talaka, hadharani, mbele ya Mwanaima, na mchezo utakuwa umekwisha. Mimi wakati mwingine najiogopa kwa jinsi ninavyofikiri.

Alhamisi, 7 Novemba

Hitma ya jirani. Kijiji kizima kipo. Mwanaima yuko na kina mama, anapakua pilau. Somoe naye yupo, na kabla sijaketi kaniuliza kwa sauti kama leo nitakula na kubeba kama kawaida yangu.

Nikasimama. Nikasafisha koo. Nikasema kwa sauti ya mimbari kwamba mimi, Abdulrazak, leo namuacha Somoe, talaka moja, talaka mbili, talaka tatu.

Nikajua nimeshinda.

Halafu Somoe akajitupa chini! Kajifunika kanga, analia kwamba kaachwa angali mbichi, tena tumbo likiwa tupu. Wanawake wakamzunguka kumpa pole. Shehe akaacha kutafuna. Shehe mwenyewe! Akaniambia talaka haifanyiwi mzaha, hata kwa ulimi. Akaniuliza ndoa ilifungwa lini. Nikasema hakuna ndoa. Akauliza, sasa umeacha nini? Watu wakaanguka kwa kicheko. Mzee mmoja ilibidi apigwepigwe mgongo, punje ya wali ilimpita njia siyo.

Mwanaima alikuwa ananijia na sahani. Akanitazama, akageuka, akampa Bashiru. Sahani ile ilikuwa yangu. Ilikuwa na paja la kuku!

Ijumaa, 8 Novemba

Nimetoka msikitini, nimefika nyumbani, nimekuta mkeka sebuleni kwangu. Juu ya mkeka, Somoe, na wanawake wengine wa ukoo. Kajifunika hadi machoni. Nikauliza ni nini. Wakanijibu kwamba mke aliyeachwa hukaa eda nyumbani kwa mume, na hulishwa. Wameshapika mchele wangu. Wamechinja kuku wangu wa mayai. Mama yumo katikati yao, anakula shingo!

Nikasema mke asiyeguswa hana eda. Nilidhani nimewakamata. Wakaniuliza, na kwa nini basi hukumgusa miaka yote hiyo? Kicheko hicho kimesikika hadi barabarani.

Nilijizuia. Wallahi nilijizuia. Lakini akaja Bashiru na sukari. Bashiru huyu anayekitaka kiti changu cha mizani, kaingia nyumbani kwangu na sukari, kampa Somoe, kamwambia pole kwa msiba wa ndoa, na Somoe kampokea kwa mikono miwili kama waziri.

Basi nikapasuka. Nikasema anacheza kuwa mke kwa mdomo kwa sababu hakuna mwanamume aliyewahi kuja kwao na nia ya kweli. Nikasema umri wake unakwenda, na atazeeka akiwa mke wa utani.

Hakuna aliyecheka. Somoe akafunua kanga usoni. Hakulia. Akainuka, akaosha sufuria zote, akazipanga, akampaka mama dawa ya magoti, akaondoka. Wengine wakakunja mkeka.

Sawa. Si walitaka hasira? Nyumba sasa ina utulivu. Mama hasemi na mimi, lakini huo nao ni utulivu.

Jumapili, 10 Novemba

Mjomba kaja na wazee. Faini. Nikatoa jogoo, yule mwenye chongo. Hakuna aliyenizomea. Walimpokea wakaenda zao. Ingekuwa heri wangenizomea.

Lakini nilikuwa huru! Jioni nikavaa kanzu iliyopigwa pasi, nikaenda kwa Mwanaima kumpa habari njema: sina mke, sina watoto, sina hata mtani anayenisemesha. Kanipokea barazani. Hakuniambia karibu ndani.

Na hapo ndipo niliposikia mambo. Kumbe Mwanaima kwao ni Kinjumbi, huku huku kwetu kusini! Dar alikwenda kusoma tu. Kaniambia ana mabinamu wa kutosha, na hakuna hata mmoja ambaye hajawahi kuwa mumewe. Siku ile ghalani alijua tangu neno la kwanza. Ile hongera nayo ilikuwa utani. Kumbe ningenyamaza tu!

Haikuishia hapo. Kasema Somoe alikuwa akipita kwake kila akitoka kuchota maji, anamweleza habari zangu. Kwamba nilimbeba mama mgongoni hadi zahanati mwaka ule wa mafuriko. Kwamba makelele yangu yote ni ya mdomoni, moyoni sina neno. Kwamba mwanamke atakayenipata hatajuta. Nani alimtuma? Mimi sikumtuma!

Mwanaima kasema alikuwa ameanza kuamini. Halafu Ijumaa alikuwa anapita njia, akayasikia niliyosema, maana ukuta wangu ni wa makuti. Kaniambia, bila kupandisha sauti, kwamba mke wa uongo hakumtisha, ila ulimi wangu umemtisha. Kama yule aliyenisifu kila jioni nimemlipa vile, yeye nitamlipa nini? Kanitakia usiku mwema. Jua lilikuwa halijazama.

Wanawake wameungana dhidi yangu. Sasa naona wazi.

Jumatano, 13 Novemba

Leo nimekwenda kwa mjomba kumwomba Somoe radhi. Nimekwenda kwa hiari yangu, iandikwe. Nilikuwa na maneno mazuri, nimeyafanyia mazoezi njia nzima, na bakuli la tambi za mama.

Nimekuta viatu vingi mlangoni. Posa! Watu wa Bashiru wamekuja kumposa Somoe. Mbele ya mjomba, kwa heshima zote, na Bashiru mwenyewe yuko nje anatetemeka kama kifaranga. Sukari ile! Haikuwa ya utani!

Desturi yetu, binamu ndiye mume wa kwanza wa mdomo, kwa hiyo lazima aombwe. Anagoma, anatukana kidogo, wanambembeleza kwa kofia mpya, anakubali, watu wanacheka. Wakanigeukia wote, wametabasamu tayari. Mjomba akaniuliza kama namtoa mke wangu.

Nikasema simtoi! Nikasema Bashiru ni mwizi, alianza na kiti changu, akaja kwenye paja langu, sasa hili. Nani atampaka mama dawa? Nani atanisema ghalani? Nikasema huyu ni mke wangu tangu tukiwa watoto na nitakayemwona anamgusa nitamvunja mguu! Machozi yalinitoka. Vumbi la korosho.

Walicheka mpaka wakashikana. Wamesema tangu wazaliwe hawajaona mtani anayejua kugoma kama mimi. Shehe alipiga makofi. Somoe kachungulia pazia, anajifuta macho kwa kucheka, kasema kwa utani mtamu hivi amenisamehe yote. Wakanivisha kofia. Inanibana.

Hakuna aliyeuliza kama natania.

Sasa nimetulia, na nimepata mpango. Kesho asubuhi nakwenda kwa Mwanaima kumweleza kwamba nimekuwa mtu mwingine, mpole, na hasira zimenitoka kabisa. Na akinikatalia tena, Wallahi atanitambua!