Kuhusu Chai Kutumiwa Kama Shahidi Dhidi ya Mpishi

Kwako Mkuu wa Shule,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na umekaa. Nimeipitisha chini ya mlango wa ofisi yako kwa sababu karani amesema hapokei karatasi yenye mafuta. Mimi ni mpishi wa shule hii kwa mwaka wa kumi na tisa sasa. Karatasi zangu zote zina mafuta.

Ijumaa hii nitasimama mbele ya kamati ya shule kujibu shtaka moja. Chai ya mapumziko ya saa nne asubuhi, ambayo kwa mujibu wa daftari la jikoni huepuliwa saa tatu na dakika arobaini, inadaiwa kuepuliwa saa moja na nusu. Inadaiwa pia kwamba kuanzia hapo hadi saa nne mpishi haonekani jikoni. Kamati ikiridhika, nitafukuzwa kazi. Hakuna mtu aliyeniona nikitoka. Mlinzi wa getini hakuniona, na amesema hivyo kwa maandishi. Shahidi ni mmoja tu, na shahidi huyo ni chai.

Kwa hiyo nakuandikia kuomba hesabu za vipeo ziondolewe katika masomo ya kidato cha tatu. Sababu zangu ni hizi.

1. Jumatatu ya wiki iliyopita, mwalimu wa hesabu, yule kijana mrefu ambaye wanafunzi humwita Bwana Grafu, alileta darasa zima la watu arobaini kwenye dirisha la jikoni. Alikuwa na kipimajoto cha maabara, na saa ya ukutani ameibana kwapani. Alikuja kwa adabu, hilo nalikiri. Alisema, "Shikamoo mzee, tunaomba kuisumbua chai yako kidogo tu." Nikajibu marahaba, isumbueni, chai haina kinyongo. Nilikosea.

Walipima saa nne kamili wakapata nyuzi sitini na sita na nusu. Wakapima tena saa nne na nusu wakapata sitini na mbili na robo. Hewa ya pale dirishani ilikuwa nyuzi ishirini na nne. Mtoto mmoja akasema chai imepoteza nyuzi nne na robo, nami nikadhani somo limekwisha, nikachukua mwiko wangu. Mwalimu akasema hapana. Akawaeleza kwamba wasitazame chai imepoteza nyuzi ngapi, watazame imepoteza sehemu gani ya ule moto unaozidi hewa. Ilikuwa sehemu moja ya kumi. Nusu saa nyingine itapoteza tena sehemu moja ya kumi, lakini ya kile kilichobaki, si ya kile ilichoanza nacho. Ndiyo maana kitu cha moto hupoa kwa pupa mwanzoni, halafu huanza kujivuta. Nimepika miaka kumi na tisa na jambo hilo nilikuwa nalijua kwa ulimi. Sikujua kwamba linaweza kuandikwa.

2. Mwalimu aliwauliza chai itakuwa na nyuzi ngapi saa sita mchana. Swali hilo halina ubaya kwa mtu yeyote. Ndipo msichana mmoja akanyoosha mkono akauliza, "Na tukirudi nyuma, Mwalimu?" Msichana huyo ni mpwa wangu, binti wa dada yangu wa tumbo moja, yule ambaye nilikuja kumwombea nafasi kwako mimi mwenyewe, kofia mkononi. Wakarudi nyuma nusu saa moja, ya pili, ya tatu. Kwenye ya tano wakafika nyuzi tisini na sita, ambazo ni za chai inayotoka motoni. Nusu saa tano kabla ya saa nne ni saa moja na nusu. Halafu vichwa arobaini vikageuka kunitazama.

Nikawaambia kwamba mimi nilikuwa nakoroga. Mpwa wangu akasema, tena kwa sauti ya upole, "Mjomba, usininunie. Chai ndiyo imesema, si mimi."

Msimamo wangu, Mkuu, ni kwamba hesabu ya kwenda mbele ni elimu, na hesabu ya kurudi nyuma ni upelelezi. Shule yetu imesajiliwa kwa ajili ya elimu.

3. Siku ya pili grafu ilibandikwa kwenye ukumbi wa madarasa. Mstari unaporomoka kutoka kushoto, unalegea, halafu unalala. Kwenye saa moja na nusu wamechora mshale, na chini ya mshale mtu mfupi aliyevaa aproni anatembea kuelekea getini. Mimi si mfupi. Mama msafishaji nimemwomba aibandue, akaniambia, "Hiyo ni kazi ya wanafunzi, baba, siigusi. Halafu umetoka vizuri."

4. Habari yenyewe ilianza kuongezeka maradufu. Kipindi cha kwanza baada ya mapumziko waliojua walikuwa arobaini. Kipindi kilichofuata wakawa themanini, kisha mia moja na sitini, kisha mia tatu na ishirini, kisha mia sita na arobaini, ambao ndio wanafunzi wote wa shule hii. Nilitegemea mwalimu angekomesha uvumi. Badala yake aliuandika ubaoni kama mfano wa upande wa pili wa somo, wa vitu vinavyokua, akalionya darasa kwamba ukuaji wa namna hiyo lazima upungue kasi watu wa kuambiwa wanapokwisha. Kisha akaja jikoni kunishukuru. "Mzee," akasema, "kwa wiki moja umenipa mifano ambayo kitabu kizima hakina."

Watu wa kuambiwa hawakwisha. Jioni ya Jumatatu ile ile dada yangu alipiga simu. Hakuuliza hali. Aliuliza, "Kaka, hivi asubuhi huwa unakwenda wapi? Na wifi yangu anajua?" Mke wangu alikuwa amekaa karibu nami na simu ya dada yangu husikika hadi nje. Kesho yake alinunua kipimajoto.

5. Wanafunzi sasa wanagusa kila kitu. Wamegusa injini ya pikipiki ya mwalimu wa zamu, wakaandika saa aliyofika kwenye daftari zao. Msichana aliyepeleka madaftari kwa makamu wako aligusa kikombe chake, akamwambia, "Pole, Mwalimu, kimekungoja dakika arobaini," wakati makamu alikuwa ndiyo kwanza anamwambia mkaguzi kwamba hajatoka ofisini tangu asubuhi. Nesi naye analia. Amewafundisha mwenyewe, kwa kusaidiana na Bwana Grafu, kwamba dawa hupungua mwilini kwa nusu baada ya saa kadhaa, kisha nusu ya nusu. Sasa mtu akiitwa kufyeka uwanja anasema, "Nesi, robo ya dawa bado imo, siwezi kushika fyekeo."

Na wewe, Mkuu, una gari. Nalitaja kwa heshima tu. Alhamisi uliingia saa tatu na robo, ukatangaza mstarini kwamba ulikuwa umefika tangu saa moja, ila ulikuwa ukikagua uzio wa nyuma. Boneti ya gari lako ilikuwa juani, na mimi sikuigusa. Nasema tu kwamba watoto mia sita na arobaini wana mikono elfu moja mia mbili na themanini.

6. Nilimwuliza mwalimu ni lini chai hufikia joto la hewa, ili nijue shahidi huyu ananyamaza saa ngapi. Akanijibu kwamba kwa hesabu yake haifiki kabisa, inakaribia tu, na kila nusu saa inakaribia zaidi. Naomba kamati itafakari jibu hilo. Nimewahi kuona kesi ndefu, lakini sijaona kesi ambayo shahidi hawezi kumaliza kusema.

Sikuja kwako na malalamiko matupu. Nina mapendekezo mawili.

La kwanza, watoto wafundishwe mstari ulionyooka, ambapo kitu hupungua kwa kiasi kile kile mpaka kinaisha. Nimejaribu mwenyewe nyuma ya daftari la jikoni. Kwa mstari huo, chai ya Jumatatu iliepuliwa kama saa kumi na mbili na nusu alfajiri, jambo ambalo kila mtu anajua ni uongo, maana saa hizo hata kuni hazijashika moto. Huo ndio uzuri wake. Hesabu ambayo jibu lake si kweli haiwezi kumfukuzisha mtu kazi.

La pili, ikiwa ni lazima vipeo vifundishwe, basi mifano itoke kwa vitu visivyo na ajira. Kuna vijidudu vinavyogawanyika kwenye maziwa. Kuna mifupa ya kale, ambayo naambiwa wataalamu huujua umri wake kwa hesabu hii hii ya kurudi nyuma. Mwenye mifupa haitwi kwenye kamati Ijumaa.

Nasisitiza kwamba daftari la jikoni linasema saa tatu na dakika arobaini, kila siku, kwa miaka kumi na tisa, kwa mwandiko mmoja. Kama kuna kitu kilichonyooka katika shule hii, ni hicho.

Nisalimie makamu wako, karani wako, na nesi. Msalimie mwalimu wa zamu na pikipiki yake. Mfikishie salamu Bwana Grafu, sina chuki naye. Na mpwa wangu ukimwona ukumbini, mwambie nimesikia ameongoza darasa zima katika mtihani wa vipeo, na kwamba mjomba wake hajanuna sana.

Wako katika kazi, nikiwa bado nayo,

Mpishi Mkuu

Baada ya sahihi: Nilikuwa nimesahau ombi moja la kikazi. Tangu Jumanne naivisha sufuria ya chai magunia mawili, moja chini na jingine juu ya kifuniko, na nimepima mwenyewe. Haipotezi tena sehemu moja ya kumi kila nusu saa, inapoteza moja ya ishirini. Leo nimewasha moto alfajiri, nikaepua saa kumi na mbili kamili, na saa nne ilikuwa nyuzi sabini na mbili, yaani ya moto kuliko ile ya siku zote inayoepuliwa saa moja na nusu. Hesabu ya Bwana Grafu ilisema sabini na moja na nukta nane, na nimempa heko moyoni. Wanafunzi wameifurahia chai, na mimi nimewahi mchezo wa drafti kabla viti havijajaa. Ninapiga hesabu ya kuichemsha jioni ya siku iliyotangulia, ila hapo nitahitaji gunia la tatu. Naomba uniidhinishie kutoka stoo. Jibu lipelekwe huko kwenye drafti, kibandani kwa fundi viatu, kwa kuwa asubuhi jikoni hunikuti.